Baba wa Kwenye Simu

Matroni wa shule ile ana majina mawili. La kwanza ni la kwenye kitambulisho, ambalo hulisikia akienda benki tu. La pili huitwa kwa mkono: unagusa kiuno upande wa kulia, unatikisa vidole, basi umemwita. Ni kwa sababu ya rundo la funguo analotembea nalo, ufunguo wa bweni, wa stoo, wa kabati la dawa, na nyingine mbili ambazo hata yeye hajui zinafungua nini ila anaogopa kuzitupa. Sisi tumwite Mama Funguo, maana hata walimu wenye masikio mazima humwita hivyo.

Kila mtu pale ana jina la mkono, na watoto hawamwonei haya mtu. Mkuu wa shule, aliyehamishiwa juzijuzi kutoka shule ya watoto wanaosikia, jina lake ni kuvuta suruali juu, kwa kuwa ndicho anachofanya kabla ya kusema jambo lolote. Mwenyewe anadhani ni alama ya heshima. Hakuna aliyepata moyo wa kumwambia.

Shule ni ndogo, ya serikali, ya namna ile ambayo wageni wa wizara wakija hupitishwa haraka madarasani na kukalishwa muda mrefu ofisini. Wapo viziwi kabisa na wapo wanaosikia kidogo, wamevaa vifaa vya masikioni ambavyo betri zake ziliisha zamani, lakini wanavivaa hivyo hivyo kwa kuwa wazazi waliambiwa visipotee. Ukitaka kumwita mtoto unakanyaga sakafu ya mbao kwa nguvu, au unawasha na kuzima taa. Mama Funguo amekanyaga sakafu ile mpaka kisigino kimoja kinamuuma kila asubuhi.

Jumapili mchana, baada ya kufua, ndiyo saa ya simu. Mtoto kiziwi hawezi kuzungumza na mama yake kwa simu ya kitochi, na wazazi wengi wa pale wana simu za kitochi, na kuandika ujumbe ni kazi ambayo wengine waliiacha darasa la tatu. Kwa hiyo wanampigia Mama Funguo. Anabana simu kati ya sikio na bega ili mikono ibaki huru, anasikiliza kwa sikio, anasema kwa mikono, mtoto anajibu kwa mikono, yeye anarudisha kwa mdomo. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliianza mwenyewe, na siku ya pili ikawa yake.

Sasa, jamani, tusilaumiane. Chukua mtoto wa miaka saba ambaye wiki nzima amengoja siku hiyo. Amenawa uso, amekaa mbele yako, macho yamemtoka kama taa. Mama yake anapiga kutoka sokoni, kelele tupu, anasema, "Mwambie asiharibu viatu," anakata. Utamwambia nini huyo mtoto? Kwamba mama yake amevuka wiki nzima akiwaza viatu? Mama Funguo aliangalia yale macho akasema kwa mikono, "Mama anakusalimu sana. Amekukumbuka. Na viatu vitunze, mwanangu." Akatia chumvi kidogo. Mtoto akaenda kucheza ameridhika, na hakuna aliyeumia.

Chumvi ikawa mazoea. Huyu kijiko, yule nusu kijiko. Lakini kuna mtoto mmoja ambaye kwake haikuwa kijiko tena. Chungu chote kilikuwa chumvi.

Huyo ni Kishimo. Jina lake ni kidole kuzungushwa shavuni, palipo na kishimo akicheka. Aliletwa na bibi yake akiwa mdogo, hana lugha yoyote zaidi ya kunyoosha kidole na kulia. Mama yake alishafariki. Baba alikuwa mpasua mbao msituni, mbali, anakaa kambini miezi na miezi, na ili apate mtandao lazima apande kilima. Alikuwa akipiga simu, si kwamba hakupiga. Mazungumzo yenyewe ndiyo haya:

"Mzima?"

"Mzima, baba yake. Yuko hapa mbele yangu."

"Haya."

Tii, tii, tii. Imekatika.

Mara ya kwanza Mama Funguo alibaki na simu sikioni, imekufa, na mtoto anamtazama. Akatikisa kichwa kama anayesikiliza. Akacheka kidogo. Akasema kwa mikono kwamba baba anauliza, je, meno yale mawili yameshaota? Kishimo akafungua mdomo kuyaonyesha kwa simu. Mama Funguo akaiambia simu iliyokufa, kwa sauti, kwamba yameota.

Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Kuna Jumapili baba hakupiga kabisa, naye mtoto keshanawa uso. Mtoto asiyesikia atajuaje simu haijaita? Mama Funguo alikuwa anashtuka kidogo, anashika mfuko wa aproni kana kwamba kumetetemeka mle, anaweka simu sikioni. Na baba anaanza kuongea. Weee, alivyokuwa anaongea! Alisimulia nyani walioingia kambini wakaiba unga na kujipaka nyuso. Alieleza ubao unavyonuka ukipasuliwa mbichi. Alisema akiona mti umenyooka anasema huu una bahati ya binti yangu. Mama Funguo hajawahi kufika msituni. Mambo ya misumeno alimuuliza fundi seremala wa shule, Jumamosi, akijifanya ana hamu ya kujua tu. Aliiandaa Jumapili kama mtu anayeandaa ugeni.

Na aliipenda. Hilo tuliseme. Mama Funguo hakujaliwa mtoto, mume alikwenda zake zamani, na baba yake mzazi alikuwa mtu wa kukohoa mlangoni ili watoto watawanyike. Yule baba wa kwenye simu alimtengeneza kwa vipande alivyovikosa mwenyewe. Jumapili jioni alikuwa anakwenda kulala na raha ya mtu aliyepokea simu.

Kishimo alipokwenda likizo alikaa kwa bibi. Baba alitokea mwisho wa mwaka, siku mbili tatu, akala, akalala, akaondoka. Mara moja alimletea viatu. Mtoto aliporudi shuleni alimuuliza Mama Funguo, "Mbona nyumbani haongei na mimi? Hata kunitazama hanitazami sana."

Hapo ndipo pa kusimama. Mtu mwenye busara angesimama hapo. Lakini Mama Funguo alimjibu, "Baba yako ana aibu mbele za watu. Wanaume wengi wako hivyo. Kwenye simu ndiyo moyo wake unafunguka." Na kwa kuwa mtoto bado alikuwa na huzuni, akaongeza kwamba baba amesema siku moja, kazi ya msituni ikiisha, watakaa pamoja nyumba moja.

Miaka ikaenda. Kishimo akarefuka kumpita Mama Funguo. Hakuwa mtoto wa vitabu sana, lakini mikono yake, acha tu. Fundi wa kuchomelea aliyekuja kutengeneza vitanda vya bweni alimwachia ajaribu, kwa utani, na jioni ile vitanda viwili vilikuwa vimesimama imara na fundi amekaa pembeni anapiga miayo. Kelele za mashine hazimsumbui, cheche hazimtishi. Kuna chuo cha ufundi katika mji mwingine kinachopokea viziwi, wana karakana, na mwalimu wao wa kuchomelea naye ni kiziwi. Mkuu wa shule alivuta suruali, akaandika, akapiga simu, akaandika tena, mpaka Kishimo akapata nafasi. Nafasi za pale mtu anazililia. Usipofika siku ya kufungua, anaingia mwingine, basi.

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba naye alikuwa ameacha msitu, ameoa, ana kibanda cha kuuza mbao. Jumapili moja simu ikaita kweli.

"Shule inafungwa lini?" aliuliza baba. Mama Funguo akamwambia. "Nitakuja mwenyewe kumchukua. Mke wangu kajifungua mapacha, hakuna wa kushika watoto."

"Baba yake, kuna habari ya chuo. Amepata nafasi, kuchomelea, mtoto ana mkono huyu."

"Chuo cha nini, mama? Kiziwi huyo. Nani atampa kazi? Akae nyumbani asaidie."

"Ninakuomba sana, mwache aende. Ni miaka miwili tu."

"Wewe mama," alisema, wala hakuwa na hasira, "lea wa kwako."

Simu ikakatika. Kishimo alikuwa mbele yake, amenawa uso, kama miaka yote.

Mama Funguo aliwaza kusema uongo mmoja zaidi. Ungekuwa wa mwisho na wa maana kuliko yote: baba amefurahi, baba anasema nenda chuo. Mikono ilishapanda. Lakini baba amesema anakuja mwenyewe. Atafika getini, atamshika mtoto mkono, na uongo utakuwa umedumu wiki moja. Kwa hiyo alisema ukweli, ila kwa kuuzungushazungusha: mkewe amejifungua, anataka urudi nyumbani ushike watoto, hataki uende chuo. Akatarajia uso wa Kishimo uanguke.

Uso ukawaka. Kishimo chenyewe kikatokea shavuni. "Ananiita nikae naye," alisema. "Si alisema? Alisema kazi ya msituni ikiisha."

"Na chuo?"

"Chuo kitakuwepo. Baba ananihitaji."

Akaenda bwenini kuwaambia wenzake. Mama Funguo alibaki kwenye kiti na simu mkononi.

Kesho yake alikwenda ofisini akamweleza mkuu wa shule yote, tangu meno mawili mpaka nyani wenye unga. Mkuu hakuvuta suruali. Alimsikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema, "mimi siwezi kumzuia baba wa mtoto. Ila mtoto ni mkubwa sasa. Yeye mwenyewe akisema anataka chuo, nina pa kusimamia, nitambana huyo mzee mpaka akubali. Akisema anataka nyumbani, mimi sina mdomo."

"Hatasema chuo, mwalimu. Anampenda sana baba yake."

"Baba yupi?"

Mama Funguo akaanza kuzihesabu funguo zake.

"Mwambie," alisema mkuu. "Mimi alama zangu ni za njoo, kaa, kula. Nikimwambia mimi atadhani namwita chakula."

Mama Funguo alimwambia kwenye chumba cha kupigia pasi, mlango umefungwa. Alianza mbali, akaona anazunguka, akaenda moja kwa moja. Maneno ya baba yako yalikuwa yangu. Si ya siku moja, yote. Baba yako alikuwa anauliza kama u mzima, basi. Siku nyingine hakupiga, nikajifanya.

"Nyani?" aliuliza Kishimo.

"Mimi."

"Mti ulionyooka?"

"Mimi, mwanangu."

 Kishimo, huwezi kuamini, akacheka, kicheko cha kumhurumia. "Wewe hujawahi kufika msituni. Umejuaje msumeno unavyokwama mti ukiwa na utomvu? Umejuaje ubao wa chini unapinda ukianikwa vibaya?"

"Nilimuuliza seremala."

"Kwa ajili ya kunidanganya mimi?" Akatikisa kichwa. Hilo lilikuwa la ajabu mno kuaminika, na kwa kweli ni la ajabu. Akamshika Mama Funguo mabega, akayaachia ili apate mikono ya kusemea. "Unaogopa kubaki peke yako. Hutaki niondoke. Najua. Nitakuja kukutembelea."

Na ubaya ni kwamba hilo nalo lilikuwa kweli. Mama Funguo alilia, na kulia kwenyewe kukamthibitishia mtoto kwamba amekisia sawasawa.

Baba alikuja siku ya kufunga, walimu wengi wameshaondoka, madarasa yana kufuli. Mama Funguo alitegemea jitu. Akaja mwanaume mfupi, shati limepigwa pasi, amevua kofia tangu getini. Watu wa mbao wakiingia ofisi ya serikali huwa hawajui waweke wapi mikono. Huyu aliiweka magotini, na usoni akaweka tabasamu, lile la mtu anayetaka kutoka ofisini salama. Alilivaa tangu anaingia na hakulivua.

Kishimo alikaa karibu naye, amevaa sare iliyofuliwa, anamtazama kama mtu anayetazama picha.

Mkuu alianza. Alieleza chuo, akaeleza karakana, akaomba. Akasema, "Mzee wangu, mweleze binti yako wewe mwenyewe unavyotaka, tumsikie naye anavyotaka. Mama hapa atatafsiri."

Mama Funguo alikuwa ameapa. Leo hata punje ya chumvi haiongezwi. Neno likitoka litafika kama lilivyotoka.

"Sina la kumweleza," alisema baba, akitabasamu kwa mkuu. "Afunge mizigo twende, gari litatuacha."

Mikono ikasema: Sina la kukueleza. Funga mizigo twende.

"Ajue tu kwamba haendi kukaa bure," baba aliendelea, kwa sauti ya upole, tabasamu palepale. "Mke wangu hapendi mtu mvivu. Chumba hakuna, atalala jikoni. Na hayo mambo ya kurusharusha mikono mbele za watu aache, wananicheka."

Mikono ya Mama Funguo ilisema yote. Jikoni ikasema jikoni. Wananicheka ikasema wananicheka. Alisema taratibu, wazi, kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza.

Kishimo aliitazama mikono. Kisha akaugeukia uso wa baba yake. Sasa, watu hawa wanasoma uso tangu wakiwa wachanga, ndiyo masikio yao. Mdomo unaweza kusema lolote, lakini uso kwao ndio shahidi. Na uso wa baba ulikuwa unatabasamu. Baba, alipoona anatazamwa, akaona haya, akampiga mtoto begani, pa, pa, kama mtu anavyopigapiga gogo zuri. Kishimo akarudi kumtazama Mama Funguo, na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Hata mbele yake?" aliuliza kwa mikono midogo, ya chini, karibu na tumbo, ili wengine wasione. "Amekaa hapa anacheka na mimi, na wewe unamwekea maneno hayo?"

"Ndiyo aliyosema. Muulize mkuu."

Mkuu alitoa alama alizokuwa nazo. Kweli, alisema kwa mikono mizito. Kweli, kweli. Mbaya. Kisha akakwama, akavuta suruali.

"Mmepanga," alisema Kishimo. "Shule inataka sifa ya chuo." Halafu akanyanyua mikono juu, wazi, ya kila mtu kuona: "Nataka nyumbani."

"Anasemaje?" aliuliza baba.

Mama Funguo alitazama pale mezani kwa mkuu. "Anasema anataka kwenda nyumbani na wewe."

Tabasamu la baba likayumba kidogo. "Ah," alisema. Ilionekana hakutegemea kutakwa. Akaigeuza kofia. "Haya. Si ndiyo hivyo, basi."

Mkuu akakunja barua ya chuo akaiweka kwenye droo, maana hakuwa na mdomo, kama alivyosema.

Mama Funguo aliwasindikiza. Baba alitangulia na sanduku, akitembea haraka, hageuki, kwa kuwa mtu akiwa na mtu asiyesikia huona hakuna haja ya kugeuka. Getini Kishimo akasimama. Akamkumbatia Mama Funguo kwa nguvu zake zote za kubeba vyuma, halafu akarudi nyuma hatua moja wapate kuonana.

"Nimekusamehe," alisema. "Najua ni kwa kunipenda."

 Mama Funguo alitaka kusema, jifunze kuandika vizuri. Alitaka kusema, ukipigwa njoo. Alitaka kumfuata yule mwanaume na kumshika shati. Badala yake aliuliza swali moja ambalo alikuwa nalo tangu usiku, labda hilo litamsimamisha mtoto.

"Nyumbani hakuna anayejua alama. Nani atakuambia baba anasema nini?"

 Baba alikuwa ameshafika barabarani na anaita kwa mdomo, akimpigia kelele kiziwi. Mtoto alitazama upande ule, akamwona baba ananyanyua mkono, na kishimo kikatokea shavuni.

"Hakuna shida," alisema. "Maneno yake yote nayajua."

Akakimbia kumfuata.